Mti wa Yago wa Perez

Otonglo, 9 Februari 2025

Binti yangu Lornah Adero,

Pokea salamu za wote wanaokula kwenye sufuria moja hapa nyumbani. Mama yako Maximilla anakusalimu, na goti lake linakusalimu pia, maana siku hizi yeye hatajwi bila goti. Ng'ombe mwekundu amezaa ndume. Debra, mke wa nduguyo, amerudi sokoni kuuza nguo za watoto. Mimi ni mzima isipokuwa masikio. Simu yako ya Krismasi niliiweka sikioni nikasikia kitu kama samaki anayekaangwa, nikawa naitikia ndiyo, ndiyo, na baadaye nikaambiwa nimekubali nyumba yangu ipakwe rangi. Kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Bahasha hii inakuja na basi. Jibu lako liache ofisi ya basi hilohilo huko Nairobi, dereva ataliteremsha dukani hapa Otonglo.

Mwenye duka alinionyesha picha yako kwenye simu yake, umesimama Ulaya na watu wenye makoti, na chini pameandikwa kwamba wewe ni mwelekezi wa filamu. Nilimwambia huyo ni binti wa marehemu kaka yangu, na kazi aliianzia Kondele, mjini Kisumu, akipiga video za matanga. Nikamwambia watu walikuwa wakimtafuta yeye na kuwaacha wanaume wenye kamera kubwa, kwa sababu alijua kumngoja anayelia amalize kabla hajamsogelea. Sijui kama huko Ulaya wanalijua hilo.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Mashua ya Calvince ilipinduka Novemba, nje ya ghuba, walipofuata samaki wa mbuta. Walikuwa wawili. Owiti alipatikana, tukamzika, wewe ulikuwepo. Calvince, mwanangu, ziwa halijamtoa mpaka leo. Wazee wameketi wakasema yatosha. Unajua desturi yetu: mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha hazikwi hivihivi. Huchumwa tunda la yago, lile refu kama paja la mtu, likalazwa katika jeneza kama yeye, likaliliwa kama yeye. Baada ya hapo amekufa. Debra atajulikana kuwa mjane, wala si mke anayetazama njia. Na kama mtu huyo atatokea kesho, hatakuwa na mlango hapa, maana aliyezikwa hakaribishwi chai. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nisiwe na haraka.

Mwenye haraka ni Perez, mama yake Owiti. Mti wa yago ni wake, uko nyuma ya jiko lake, na matunda yakianguka juu ya mabati yeye huja kunilaumu mimi, utadhani niliupanda. Anasema asubuhi ile alimsikia Calvince akimwita Owiti, na Owiti akikataa kwenda. Mimi sijui alisikia nini. Juzi alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mwalimu, wangu yuko chini ya udongo. Wako anatembea wapi?"

Tutazika Aprili. Nataka wewe ndiye upige video. Sitaki mgeni.

Baba yako,
Gordon Okinyi

*

Nairobi, 2 Machi 2025

Baba Mwalimu,

Barua yako ilifika ikinuka omena, wale dagaa, wa abiria mwingine, nikaisoma nikitamani ugali. Nimeisoma mara ya pili nikitafuta kama kuna mahali umenisahihisha, kama ulivyozoea kuzirudisha barua zangu za shule zikiwa zimejaa wino mwekundu. Mwambie Mama goti lipakwe ile dawa niliyotuma, asiitunze kabatini. Ndume apewe jina zuri, si kama yule mliyemwita Chifu, mkapata shida na chifu mwenyewe.

Kazi iko. Natengeneza dokumentari ya wanawake wanaonunua samaki ufuoni, na mkubwa wao katika filamu ni mama mmoja wa Port Victoria, huko Busia, anayeitwa Nasambu. Huyo akizungumza hata kamera inaogopa. Wiki ijayo tunakwenda huko kupiga picha za mwisho, mimi na Tejal, yule msichana wa Kisumu ambaye babu yake alikuwa na duka la vyuma. Mimi hupiga, yeye huhariri. Tukigombana, mara nyingi mwenye haki ni yeye, lakini usimwambie. Kuna tamasha moja la nje linaitaka filamu hiyo Septemba. Ikikubaliwa, Baba, nitaacha kuomba kazi za matangazo ya sabuni, niwe mtu wa filamu zangu mwenyewe. Nimeingoja siku hiyo tangu Kondele.

Kuhusu Calvince. Nilipoanza video za matanga sikuwa na msaidizi. Yeye ndiye alinibebea taa, akawa anaielekeza kwa wasichana warembo na kuwaacha waliofiwa gizani, na mimi namkanyaga mguu. Mteja mmoja aliuliza kwa nini katika video ya maziko ya mamake anaonekana sana msichana asiyemjua. Tulicheka mwaka mzima.

Nitakuja Aprili na kamera nzuri kuliko zote nilizo nazo. Nani mwingine ampige Calvince picha za mwisho kama si mimi?

Msalimie Debra. Mwambie simu zake naziona, nitampigia.

Binti yako,
Lornah

*

Otonglo, 30 Machi 2025

Lornah,

Hatujambo. Mvua imeanza vibaya, ziwa limepanda mpaka kwenye migomba ya jirani, na viboko wanalala mahali tulipokuwa tukicheza mpira. Ndume tumemwita Bahati. Goti linapakwa dawa, na limeanza kutoa maoni kuhusu dawa.

Nakuuliza jambo dogo. Mwenye duka anasema alikuona Otonglo ukinunua ndizi, gari lenu likielekea Busia. Nikafurahi, nikamwambia Maximilla achinje kuku, kwa kuwa atokaye Port Victoria lazima apite hapahapa. Baada ya siku chache mwenye duka akaliona gari lilelile likirudi Kisumu. Anasema halikusimama, na wewe ulikuwa umeketi mbele umetazama upande wa pili wa barabara. Kuku tulimla wenyewe. Alikuwa mgumu.

Siulizi kwa hasira. Mtu wa kazi ana haraka zake. Lakini toka barabarani mpaka hapa ni mwendo wa mtu kumaliza ndizi moja.

Maziko ni Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Jeneza limeagizwa. Fundi aliuliza kimo cha marehemu, nikamwambia akate la mtu mrefu. Debra anafua nguo za Calvince, anazianika, anazikunja, kisha anazifua tena. Perez amechagua tunda tayari, amelifunga uzi mwekundu ili lisichumwe na mtu wa dawa.

Jibu upesi, nijue utakuja na watu wangapi.

Gordon Okinyi

*

Nairobi, 6 Aprili 2025
(Hii sikuituma.)

Baba,

Sijui salamu za kuanzia barua kama hii.

Calvince yu hai. Nimemwona Port Victoria.

Tulikuwa ufuoni asubuhi, Nasambu akipatana bei na wenye mashua, mimi nyuma ya kamera. Wanaume walikuwa wakipandisha masanduku ya samaki kutoka majini. Nilimfuata mmoja kwa sababu alikuwa akitembea vizuri, basi, hakuna zaidi. Akaweka sanduku chini, akajipangusa uso kwa kiwiko, kama wewe unavyojipangusa chaki. Nikajua kabla sijauona uso. Niliendelea kupiga. Hilo linanishangaza mpaka sasa. Niliendelea kupiga.

Naye akaiona kamera, kisha akaniona mimi. Akaja mpaka karibu akasema taratibu, "Lornah, zima hiyo kitu."

Tulikaa nyuma ya banda la Nasambu. Amekonda, amefuga ndevu, na watu wa huko wanamwita jina lingine. Sikumkumbatia. Nilimwuliza, "Wewe ni mwendawazimu?" Ndiyo salamu niliyompa ndugu yangu aliyefufuka, Baba.

Akaniambia. Owiti hakutaka kwenda siku ile, alisema ziwa si zuri. "Nikamwambia kama anaogopa maji akae na mama yake achambue mboga. Watu walicheka. Basi akaingia." Upepo ulipowapindua alimshika Owiti shati mpaka shati likabaki mkononi. Yeye alielea juu ya mtungi wa mafuta, akaokotwa na mashua ya wabeba samaki wanaokuja Port Victoria. Angeweza kupiga simu siku ileile. Anasema alishika simu ya mtu, akaanza kuwaza mama yake Owiti atamtazama vipi, akairudisha.

Nikamwambia mnataka kuzika yago. Nilidhani atashtuka. Akasema, "Waache wazike. Mama Owiti akiona kaburi yangu, atalala. Tutakuwa sawa na yeye." Nikamwuliza, na Debra? Akatazama chini. Akasema Debra bado ni mdogo, atapata mtu. Nikamwuliza, na Mzee? Akasema, "Ukimwambia Mzee nitavuka Uganda, na hutaniona tena." Alisema hivyo akiwa amenishika mkono, na mimi nikaapa. Nimeapa, Baba. Sijui kwa nini niliapa.

Nikapita Otonglo nimetazama upande wa pili. Kama ningeteremka, ungeniona usoni.

Sasa niko na Tejal chumbani mwa kuhariri. Ameiona ile picha ya mtu na sanduku, hajui ni nani, akaruka kwenye kiti. "Lornah, hii ndiyo ya kufungulia filamu! Angalia vile anatuona!" Ni kweli. Katika kazi yangu yote sijapiga picha nzuri kama ile. Nikamwambia itolewe. Akauliza kwa nini. Nikasema huyo ni ndugu yangu, alikufa Novemba. Akaitoa, akaenda kuchemsha chai.

Siwezi kukutumia hii. Ukiipata utapanda gari la Busia siku hiyohiyo, naye atavuka. Nisipokutumia utamzika.

*

Nairobi, 8 Aprili 2025

Baba Mwalimu,

Nawasalimu nyote. Bahati ni jina jema. Mwambie Mama nilisikitika kusikia habari ya kuku, tulikuwa tumechelewa, gari lilikuwa la kukodi, na Tejal alikuwa anaumwa tumbo. Nisamehe.

Naandika kwa kifupi kwa sababu kazi imenibana. Aprili sitaweza kuja. Kamera iliingia maji kule ufuoni na fundi bado anayo. Tena naona mvua ni kubwa mno, na kaburi likichimbwa sasa litajaa maji, itakuwa aibu mbele ya wageni. Je, wazee hawawezi kungoja? Yago si kama maiti, haitaoza mochwari. Ngojeni ardhi ikauke. Na mkikazana kuzika Aprili, tafadhali msitafute mtu wa video. Acheni tu.

Debra asitupe nguo.

Lornah

*

Otonglo, 20 Aprili 2025

Lornah,

Leo ni Pasaka. Tumekula, tumesali, sote wazima.

Barua yako nimeisoma. Nilifundisha miaka mingi, nikasoma barua za visingizio za watoto ambao hawakuwa wamefanya kazi ya nyumbani. Kila mara kulikuwa na tumbo la mtu, mvua, na kitu kilichoingia maji. Wewe umevitumia vyote vitatu katika ukurasa mmoja.

Acha nikukumbushe. Ulipiga matanga ya yule mzee wa Kondele aliyezikwa na redio yake ikiwa inaimba. Ulipiga ya mwalimu mkuu ambaye wake zake wawili walipigana kaburini, ukasimama katikati na kamera haikuyumba. Ulipompoteza baba yako, kaka yangu, nilikuambia pumzika leo, mwache mtu mwingine. Ukanijibu kwamba mtu mwingine hatajua wakati wa kungoja. Ukapiga mazishi ya baba yako mwenyewe huku machozi yanakutiririka. Mimi nilikuwepo. Na leo ya Calvince ndiyo inakushinda kwa sababu ya matope?

Nimeumia, nakuambia waziwazi. Nilidhani katika nyumba hii kuna mtu mmoja ambaye hatanikimbia katika jambo hili.

Hata hivyo tumesogeza. Ukweli ni kwamba shimo lilijaa maji, hapo ulisema sawa. Wazee wamekubali tungoje Agosti, lakini wamesema ndiyo mara ya mwisho. Perez alikasirika. Alisimama uani kwangu akasema kuna watu ambao watoto wao wanakufa haraka na kuna watu ambao watoto wao wanakufa wakitaka. Maximilla akamjibu vibaya. Sasa hawasalimiani.

Debra hajatupa nguo. Nani alikuambia alitaka kuzitupa?

Gordon Okinyi

*

Nairobi, 25 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Najua kwetu hatusemi hivyo sana, lakini wewe ulitufundisha, na leo nataka kuanza kwa kuinama.

Sisi tu wazima. Tejal anakusalimu, na tumbo lake halikuwahi kuuma. Kamera nayo haikuingia maji.

Filamu imekwisha. Waandaaji wa lile tamasha waliiona, wakasema ni nzuri ila mwanzo wake ni baridi, kama kwamba kuna kitu tumekificha. Walituuliza kama hatuna picha nyingine ya kufungulia. Tejal akanitazama. Mimi nilisema hatuna. Wiki jana wameandika kwamba mwaka huu haitawezekana. Kwa hiyo nimerudi kwenye sabuni, na si mbaya, sabuni haina ndugu. Nililia siku moja, nikaamka.

Sasa nakujibu, kwa sababu uliuliza sawasawa.

Tangu Kondele nina sharti moja tu. Sijawahi kupiga picha ya jambo na kusema limetokea, na mimi najua halikutokea. Watu waliniomba. Mjane mmoja alitaka nimrekodi akilia kwa sababu siku yenyewe hakulia. Nikakataa, akanitukana mbele ya wajukuu. Ndiyo sababu nikaitwa mtu wa dokumentari, wala si kwa kamera.

Maziko yoyote mtakayoniitia nitakuja, hata kwa miguu. Hayo ya Agosti siji, na nikija nitakuja mikono mitupu. Usiniulize, Baba. Nimeapa kwa mtu. Ukiniuliza nitakudanganya, na mimi sitaki kukudanganya tena, ile ya tumbo na kamera inatosha.

Binti yako,
Lornah

*

Otonglo, 24 Agosti 2025

Nyara, yaani binti yangu, maana Kiluo chako kimeanza kuota kutu,

Tu wazima. Maximilla anatembea mpaka kisimani na kurudi. Bahati amevunja ua na kula sukuma wiki za jirani. Ziwa limeshuka kidogo, na viboko wamerudi kwao.

Nimechelewa kujibu. Barua yako ni fupi lakini mimi ni msomaji wa polepole. Mei yote niliisoma kwa hasira. Juni niliisoma nikiwa mgonjwa. Julai nikaisoma sebuleni mchana, Debra akianika zile nguo nje, nikaiweka chini. Nikajiuliza: anayepiga matanga ya kila mtu, aliyepiga ya baba yake, kitu gani kitamfanya akatae ya nduguye? Nimepata jibu moja tu. Sitaliandika. Ukiwa na jibu lingine, usinitumie.

Nilikaa kitini mpaka Maximilla akaja kuuliza kama nimefariki.

Wazee walifika Alhamisi iliyopita kupanga maziko ya Jumamosi. Jeneza lilikuwa sebuleni. Nilisimama nikawaambia hatutazika, kwa sababu mti wa yago haukuzaa mwaka huu. Binti yangu, matunda yale yananing'inia mpaka abiria wa barabarani wanayaona. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, umeutazama lini?" Nikasema jana. Hakucheka. Akasema basi, sisi ni watu wazima, kesho asubuhi tutakwenda wote tuuone mti. Niliwafundisha watoto wa watoto wao kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inatoka kwangu mpaka nyuma ya jiko la Perez.

Jioni nikaenda kwake. Hatukuwa tumezungumza tangu Pasaka. Nilimkuta anachambua mboga. Sikuwa na maneno niliyoyaandaa. Nikamwambia, "Mama Owiti, nimewaambia wazee mti wako haukuzaa."

Akatazama juu. Uzi mwekundu aliofunga yeye mwenyewe ulikuwa pale, tunda limenenepa mpaka uzi umezama. Akanirudishia macho.

"Mwalimu, nani alikuambia?"

"Hakuna aliyeniambia," nikasema, na hiyo ni kweli.

Alichambua mboga mpaka zikaisha. Niliogopa. Nakuambia wewe, sikuogopa hivyo tangu siku waliponiambia mashua imepinduka. Nilijua akipiga ukelele mmoja tu, kijiji kizima kitakuwa hapo, na mambo yangu yameisha, na ya huyo mwingine pia.

Ndipo akaniuliza, bila kuinua kichwa, "Anakula?"

Nikasema sijui.

"Alikuwa anakula hapa kwangu, yeye na Owiti. Huyo hajui kupika kitu." Halafu akasema, "Ni yeye alimwita mtoto wangu. Nilisikia na hii masikio yangu. Sitasahau." Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikarudi nyumbani. Maximilla aliniuliza nimeambiwa nini, nikamwambia nimeambiwa mboga zimeisha.

Asubuhi tulikwenda, mimi nyuma yao, kama mtu anayepelekwa kwa chifu. Tukafika nyuma ya jiko.

Mti haukuwa na tunda hata moja. Vile vikonyo virefu vilikuwa vimekatwa, vinatoka maji. Chini palifagiliwa. Perez alikuwa ameketi kwenye kizingiti, ameegemeza panga ukutani, mikono yake imefungwa vitambaa. Alitusalimu kwa adabu, akawauliza wazee kama watakunywa uji. Wakatazama juu. Wakatazama panga. Yule aliyeniuliza jana yake akakohoa, akasema, "Kweli, haukuzaa." Wengine wakasema kweli. Wakanywa uji.

Jeneza nimelipeleka jikoni, Maximilla anatilia mahindi. Debra aliliona linatoka sebuleni. Alikwenda kwenye kamba ya nguo, akaanua mashati yote, akayapiga pasi.

Wewe rudi kwenye filamu zako. Sabuni haikufai. Na usiseme huna picha ya kufungulia. Njoo nyumbani upige picha ya mti wa Perez. Hauna tunda, na kila mzee hapa ni shahidi. Sharti lako halitavunjika.

Mimi sitakwenda Port Victoria. Sina kazi huko wala simjui mtu. Lakini wewe una rafiki yako Nasambu, na lazima utapita kumsalimu. Ukifika, ukikutana na mtu yeyote anayeuliza habari za kwetu, mwambie kwamba mlango uko wazi. Akikataa kusikia hilo, usimbembeleze. Mwambie tu kwamba mama yake Owiti anauliza kama anakula.

Baba yako,
Gordon Okinyi